Harusi Iko Rumonge

Mwaka 2001 Sikujua binti Ramadhani alikuwa na miaka arobaini na tisa, mjane, na katika mtaa wa Waswahili wa Rumonge, mji ulio kando ya ziwa, hakikupikwa chakula cha watu wengi bila yeye kushika mwiko. Lakini harusi zilikuwa zimekwisha. Tangu vita vishuke mpaka kwenye vilima vilivyo nyuma ya mashamba ya michikichi, kila aliyepata mchumba alifungia ndoa Bujumbura, kisha akaleta picha Rumonge watu wazitazame. Sikujua alibaki kupikia misiba.

Basi binti yake Salima, aliyekuwa akishona nguo kwa mjomba wake mtaani Buyenzi, Bujumbura, alipochumbiwa na Zubeir, Sikujua alipanda gari la samaki lililofuatana na msafara wa wanajeshi, akaenda mpaka Bujumbura kusema jambo moja tu.

Alilisema katika sebule ya Asmani, baba yake Zubeir, kabla hata Fanta haijafunguliwa.

"Ndoa inafungwa kwao mwanamke. Hiyo si desturi yangu peke yangu, ni yetu sote. Harusi iko Rumonge."

Asmani alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyezoea kusikilizwa. "Mama Salima, hiyo desturi ni ya wakati wa amani," alisema. "Barabara iko mubaya. Juzi tu magari mawili yamechomwa. Tufungie hapa, wewe ulete watu wako. Magari nitatafuta mimi."

"Kwa hiyo barabara inaua watu wako, watu wangu haiwaui?"

Zubeir aliinamisha kichwa ili asionekane akicheka. Baba yake hakucheka. "Watu wangu siwapitishi kwenye ile barabara," alisema. "Omba kingine chochote, hicho usiniombe."

Salima, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimvuta mama yake uani. "Mama, mbona unaniaibisha? Rumonge iko na nini siku hizi? Watu wanaukimbia ule mji, wewe unataka kuwapeleka huko wakwe zangu!"

"Mji ni kama mtu, mwanangu," Sikujua alimjibu. "Ukishindwa kumtembelea akiwa mgonjwa, usiende kula kwake akipona."

Akarudi sebuleni, akaketi, akanywa Fanta yake yote. "Baba Zubeir, barabara nimekuachia. Na ziwa je?"

Asmani alisema, "Ziwa, sawa. Lakini watu kumi na wanne, si zaidi. Na ruhusa ya wanajeshi utafute wewe."

Nadhani alisema hivyo akijua kwamba ruhusa haitapatikana. Wakati ule mashua za abiria zilikuwa zimekatazwa kabisa. Hata wavuvi walihesabiwa wakitoka na wakahesabiwa wakirudi.

Ofisi ya wanajeshi wa majini ilikuwa bandarini Rumonge, chumba kimoja chenye meza na ramani ya ziwa iliyoliwa na panya pembeni. Mkuu wao alikuwa luteni kijana aliyeitwa Léonard, mtu wa milimani, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa hajajifunza kuogelea.

"Amahoro, komanda," Sikujua alisema.

"Amahoro, mama. Ni ile habari ya mashua? Wameniambia. Jibu ni hapana. Siku hizi mashua inabebaka bunduki chini ya samaki."

"Yangu itabeba bwana harusi chini ya kanzu."

Luteni hakuinua macho kwenye karatasi zake. "Kwa nini msifungie Bujumbura kama wengine?"

"Kwa sababu wewe uko hapa," Sikujua alisema. "Wamekutuma ulinde mji, si ndiyo? Mji usiooa wala kuozesha ni makaburi. Na makaburi hayahitaji askari mia."

Sasa Luteni aliinua macho. Alimtazama yule mama mnene aliyesimama na kanga mbili, miguu ina vumbi, bila woga wowote, akasukuma kiti kuelekea upande wake.

"Keti. Nitajie majina yote, moja moja."

Aliyaandika yote kumi na manne. Akaweka masharti: mashua isikate katikati ya ziwa bali ifuate ufuko, pasiwe na ngoma wala kelele majini, na iwe imeingia Rumonge kabla ya saa kumi na moja jioni, maana baada ya hapo askari wake watapiga risasi chochote kinachoelea. Akagonga mhuri.

"Na wewe uje ule," Sikujua alisema akikunja barua.

"Sili nikiwa kazini."

"Basi nitakuletea kazini."

Wiki mbili zilizofuata mtaa ulichangamka kama ulivyokuwa zamani. Salima alikuja na msafara wa wanajeshi, amenuna, akafungiwa ndani apakwe hina. Wanawake walileta mchele, kila mmoja kwa kipimo chake. Pascasie, jirani Mkatoliki, alileta ndizi na majani ya kufunikia vyungu, akakaa moja kwa moja kumenya vitunguu kana kwamba ni mtoto wake anayeolewa. Lukeba, mvuvi aliyekimbia kutoka Baraka ng'ambo ya ziwa na kupanga nyumba nyuma ya Sikujua, aliahidi samaki aina ya mikeke, wabichi, wa kutosha. Lukeba alikuwa Mpentekoste, wala hakujua harusi ya Kiislamu inaanzia wapi. "Mie naleta samaki," alisema, "mengine mutaniambia."

Mashua ya Asmani ilitarajiwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Saa tisa ilifika ikapita. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma kutoka kusini, ziwa limejaa povu jeupe. Sikujua alisimama ufukweni mpaka askari walipokuja kuwaambia watu warudi nyumbani.

Asubuhi ya Jumamosi, siku yenyewe ya harusi, Mwasiti mchuuzi wa samaki alishuka kwenye gari la kwanza kutoka Magara, akaja mbio bila hata kuteremsha kikapu chake kichwani.

"Wako Magara! Injini imekufa tangu jana mchana. Wazima wote, wamelala kwa wavuvi. Lakini yule mzee mrefu anatafuta mashua ya kumrudisha Bujumbura. Anasema harusi imekwisha."

Salima alisikia yote akiwa mlangoni, hina imempanda mpaka kwenye viwiko. Akaanza kulia. "Mama, waache warudi tu. Nilikwambia. Tutafungia Bujumbura wiki ijayo, basi."

"Zubeir unamtaka, humtaki?"

"Namtaka."

"Basi kaa chini, hina isiharibike."

Lukeba alikuwa na mashua ya mbao ndefu, na injini nzima, ila petroli hana, na petroli ilikuwa shida mjini kote. Sikujua alikwenda msikitini. Bakari mwadhini, kaka wa marehemu mume wake, ambaye ndiye angekuwa walii wa Salima siku ile, alikuwa na kidumu kimoja cha petroli kwa ajili ya jenereta ya kipaza sauti.

"Shemeji, nipe kile kidumu."

"Na adhana?"

"Babu yako alikuwa na jenereta?"

Bakari alitoa kidumu. "Nitaadhini kwa koo langu," alisema. "Lakini uniletee bwana harusi, maana koo lenyewe ni moja."

Walitoka saa tatu, Lukeba nyuma kwenye injini, Sikujua mbele, barua ya Luteni ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kiunoni. Upepo uliwasukuma. Ufuko ulipita upande wao wa kulia: michikichi, mihogo, nyumba zisizo na mabati, kisha milima ile iliyoinuka ghafla karibu na maji, ambako watu wenye bunduki walikuwa wakishuka na kupanda wapendavyo. Lukeba alitazama milima. Sikujua alitazama saa ya Lukeba.

Kwenye ufuko wa Magara wavuvi waliorudi alfajiri walikuwa wakianika dagaa, nao wageni wa Bujumbura walikuwa wameketi kando na mabegi yao, nguo nzuri zimejaa mchanga. Zubeir aliinuka mbio akaingia majini mpaka magotini kuwapokea. Asmani hakuinuka. Alikuwa ameketi peke yake juu ya mashua iliyopinduliwa.

"Mama Salima, usiseme kitu," alisema. "Mungu amesimamisha injini. Mimi nimeelewa."

"Ni Mungu au ni mafuta machafu?"

"Unacheka! Wewe kila kitu unakichekea." Sauti yake ya upole ilikuwa imepotea. "Nilikuwa na mdogo wangu, Saidi. Mwaka wa tisini na tano nilimtuma apeleke vitenge Nyanza-Lac. Akaniambia, kaka, barabara iko mubaya. Nikamwambia asiwe mwoga. Nilimwambia hivyo mbele ya watoto wake. Walimpigia risasi Kabezi, hata hakufika mbali. Toka siku ile sijapita njia hiyo. Na jana, ile injini iliponyamaza, huyu mtoto wangu amekaa mbele yangu na milima inatutazama... nikajiona nimefanya tena vilevile."

Mlio wa risasi ulisikika juu milimani, mbali, mmoja, kisha mitatu pamoja. Wavuvi waliendelea kutandaza dagaa.

Sikujua aliketi chini mchangani, karibu na miguu ya Asmani. Alikumbuka maneno yake ya sebuleni, habari ya barabara inayoua watu wa huku na kuacha wa kule, akaona haya.

"Pole, ndugu yangu," alisema baadaye. "Mama yangu alinipa jina la Sikujua, na kweli, sikujua."

Asmani alipangusa uso kwa kofia yake.

"Sikiliza," Sikujua akaendelea. "Sikulazimishi tena. Ukitaka, nitarudi nimlete mutoto na amu yake hapa hapa. Watafungishwa ndoa Magara, kwenye mchanga huu, kisha mtatafutiwa mashua ya kuwarudisha. Ndoa ni ndoa."

Lukeba alimgeukia kwa mshangao, maana tangu amjue hajamsikia akirudi nyuma hata hatua moja. Asmani naye alimtazama.

"Ungefanya hivyo?"

"Ningefanya. Ningelia njia nzima, lakini ningefanya."

"Mama Salima, huo mji uko na nini? Watu wenye akili wamehamia Kigoma, wamehamia Bujumbura. Una kaka Buyenzi, una chumba kule kinakungoja. Nini kimekufunga?"

Sikujua aliokota dagaa mmoja aliyeanguka, akamrudisha kwenye mkeka wa watu.

"Mume wangu alikufa mwaka wa tisini na saba," alisema. "Si bunduki, ni tumbo. Alikufa saa tisa mchana, siku ambayo watu walikuwa wanashuka kutoka vilimani na magodoro kichwani, maelfu, na wanajeshi wametangaza kwamba saa kumi na moja atakayeonekana nje ni adui. Masaa mawili! Nilikaa karibu na maiti nikasema, leo huyu hazikwi. Sikumwita mtu, Baba Zubeir. Sikumwita hata mmoja. Wakaja. Huyu Lukeba, alikuwa na miezi mitano tu mjini, hata jina lake sikulijua vizuri, alibomoa kitanda chake tupate mbao. Pascasie alichota maji ya kuoshea. Wale watu wa vilimani, wasio na nyumba, waliweka magodoro yao chini wakashika majembe. Saa kumi na nusu mume wangu alikuwa ndani ya udongo, amesaliwa, na kila mtu yuko ndani. Ule mji umenizikia mume. Nataka uniozeshee mtoto. Ni hilo tu."

Risasi nyingine ilisikika. Hakuna aliyegeuka.

Asmani alivaa kofia yake, akaiweka sawa. "Mashua yako inachukua wangapi?"

"Ishirini," Lukeba alisema haraka.

"Zubeir, ita shangazi zako. Mie ziwa naliogopa kuliko barabara, hilo nalo sikuwahi kumwambia mtu."

Waliondoka saa sita. Sasa upepo ulikuwa unawajia usoni, na kila wimbi liliingiza maji ndani. Wanawake walichota kwa sufuria na viatu. Asmani alitapika mpaka akabaki hana cha kutoa, akashika mkono wa Sikujua kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Walipokaribia Rumonge, mashua ya wanajeshi iliwakatia njia, bunduki imeelekezwa. Sikujua alifungua mfuko wake wa plastiki. Askari alihesabu watu, akahesabu tena.

"Barua inasema kumi na wanne. Nyinyi ni kumi na sita."

"Mimi ni mama wa bibi harusi na huyu ni dereva," Sikujua alisema. "Ungependa waje wenyewe wakiogelea?"

Askari alitazama saa, akatazama uso wa Asmani uliosawijika, akawaashiria wapite.

Ilikuwa saa kumi kamili walipogusa mchanga. Ufuko ulikuwa umejaa: Waislamu na Wakristo, Wakongomani wa samaki, wakimbizi wa vilimani, hata watu wasiojua ni harusi ya nani. Walikuwa wamekaa kimya tangu mashua ilipoonekana, kwa sababu ya sharti la Luteni. Zubeir alipoweka mguu nchi kavu, Pascasie alishindwa kujizuia, akapiga kigelegele cha kwanza, na baada ya hapo hakuna sharti lililosikika tena.

Harusi ile ilikwenda mbio kama watu wanaokimbia mvua. Bakari aliadhini kwa koo lake, na wazee wanasema alisikika mpaka bandarini. Zubeir alibadilisha kanzu nyuma ya msikiti, shangazi yake akiwa ameshika shuka. Ndoa ilifungwa saa kumi na nusu. Watu walikula wima, pilau kwenye majani ya ndizi, mikeke mikononi, na ngoma ilipigwa dakika ishirini tu, lakini kwa dakika hizo ishirini mabibi wa miaka sabini walicheza. Sahani moja, imefunikwa vizuri, ilipelekwa bandarini. Ilirudi tupu.

Saa kumi na mbili mtaa mzima ulikuwa ndani. Wageni kumi na wanne waligawanywa katika nyumba tisa, na kila nyumba ililalamika kwamba imepewa wachache.

Jumapili asubuhi Sikujua alimkuta Asmani amesimama kando ya barabara, begi mkononi, kofia kichwani, mahali magari yanapopangwa kabla ya msafara. Salima na Zubeir walikuwa pamoja naye. Walikuja kumuaga tu. Salima ndiye aliyesema watabaki mpaka Ijumaa, na alisema bila kumtazama mama yake machoni.

"Mashua iko tayari, Baba Zubeir," Sikujua alisema. "Lukeba anasema leo ziwa limetulia."

"Wanawake waende na ziwa. Mimi naenda na njia." Alihamisha begi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. "Miaka sita nimekwepa kipande cha barabara cha dakika tano. Lakini peke yangu siwezi."

Sikujua hakuuliza mengi. Alimwambia Salima awaangalie watu wa ndani, akajifunga kanga vizuri, akapanda.

Gari la wanajeshi lilitangulia, jingine likafunga nyuma. Walipita Magara bila kusimama. Karibu na Kabezi Asmani alisogea dirishani. Mahali fulani, palipokuwa na migomba na ukuta wa nyumba iliyoungua, aliinua viganja vyake, midomo ikachezacheza. Sikujua naye aliinua vyake. Msafara hausimami mahali kama pale, na gari lilipita kwa kasi, lakini Asmani aligeuka akaendelea kupatazama kupitia kioo cha nyuma mpaka kona ilipopaficha. Kisha alipangusa uso kwa mikono miwili, akavuta pumzi ndefu.

"Saidi alikuwa mcheshi kama wewe," alisema. "Mngegombana sana."

Walipoteremka Bujumbura alimkaribisha nyumbani. "Kaa hata siku mbili, Mama Salima. Upumzike. Sasa hapa ni kwako."

"Ahsante, ndugu yangu, lakini nina masufuria ya watu sijayarudisha," Sikujua alisema. Alinunua mkate mmoja na maji, akauliza gari lipi linaondoka na msafara wa saa saba, akachagua kiti cha upande wa ziwa.